Mgeni Aliyekuja Bila Kanzu

Mimi ni fundi wa kanzu. Sisemi fundi cherehani, maana fundi cherehani yeyote atakushonea suruali. Nasema fundi wa kanzu, wa kutia kaba kwa mkono, uzi kwa uzi, mpaka shingo ya nguo ikae kama imeota yenyewe. Skuli nilikwenda miaka minne, wa tano baba akafa, nikakaa kwenye mkeka wa watu kutunga nyuzi sindanoni. Kutoka hapo sikusaidiwa na mtu. Nyumba yangu ya Amani, karibu na kiwanja cha mpira, imejengwa kwa ncha ya sindano. Nayasema haya mwanzo ili mjue kwamba anayezungumza nanyi hakuzoea kulialia.

Daktari wangu ndiye aliyeniomba niyaandike haya, yasomwe na wale wanaoambiwa wana homa ya ini wakaona dunia ishakwisha. Haijakwisha. Mimi niliambiwa nina wadudu wawili ndani ya ini moja, na leo nipo, nakunywa chai.

Kabla ya kuumwa nilikuwa nikikaa mkekani tangu asubuhi mpaka magharibi bila kunyoosha mgongo. Duka letu lilikuwa chini ya nyumba ya ghorofa, katika kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho jua hupita mara moja tu kwa siku. Adhuhuri huteremka ukutani taratibu kama kitambaa kinachokunjuliwa, likafika miguuni petu, kisha likaondoka. Tulikuwa wawili, mimi na Mbarouk. Watu wake walikuwa Waarabu wenye mashamba ya karafuu hapo zamani. Babu yangu mimi alitoka bara kuja kuzichuma karafuu hizo hizo. Mkekani jambo hilo halikuwa na uzito. Yeye alikata, mimi nikatia darizi.

"Babu yako alimchumia babu yangu," alikuwa akiniambia, "leo mimi nakukatia wewe. Dunia ina adabu zake."

Tuligawana kila kitu. Buli moja la chai, donge moja la nta ya kupitishia uzi, wembe mmoja. Wembe ulikaa ndani ya kibiriti kitupu. Ndio uliofumua mishono, ukakata kucha, ukachonga sugu za visigino vya Mbarouk, ambaye alitembea pekupeku utoto wake wote na nyayo zake zilikuwa kama kuti. Vidole vyetu vilitoka damu kila siku na hakuna aliyeshtuka. Mafundi tuna elimu yetu. Tone la damu likiangukia nguo nyeupe, hulitoi kwa maji wala kwa sabuni. Damu ya mtu hutolewa kwa mate yake mwenyewe. Aliyejichoma ndiye atemee. Mate ya mwengine hayaitoi.

Miaka ya tisini ilipoingia mgongo ukaanza kuniuma. Nikaenda Mbweni kwa mzee mmoja anayeumika. Anakuchanja mgongoni kwa wembe, kisha anakuwekea pembe ivute damu chafu. Wazee wetu waliumikwa wote. Lakini zama zile redio haikuchoka kutuonya juu ya UKIMWI, kila mtu atumie wembe wake, na yule mzee aliishika amri.

"Fundi, umekuja na wembe?"

"Nimekuja nao. Wangu mwenyewe."

Nikatoa kibiriti mfukoni. Palikuwa na mtu kakaa benchini hana wembe, karudishwa akanunue, nami nikamtazama nikamwona mjinga. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa majivuno. Wembe ule haukuwa wangu, ulikuwa wa duka.

Akanichanja mara kumi na mbili. Nikalala juu ya mkeka wake, nikasikia bahari kwa mbali, mgongo ukawa mwepesi kama pamba. Nikasema alhamdulillahi, nshapona.

Wiki sita au saba baadaye harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikaanza kunigeuza tumbo. Nikila, natapika. Viungo vikalegea, nikawa nasinzia na sindano mkononi. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, na choo kikatoka cheupe kama udongo wa kukandikia. Mwili ukaniwasha mpaka nikajikuna kwenye kizingiti cha mlango kama mbuzi. Mke wangu, Bi Asya, alinitazama siku tatu. Siku ya nne akaleta jora la bafta nyeupe, akalitandaza mbele yangu.

"Weka mkono wako hapo."

"Wa nini?"

"Weka tu. Wewe si ndiye unayejua weupe?"

Nikauweka. Juu ya bafta ile mkono wangu ulikuwa wa manjano, manjano ya binzari, mpaka kwenye kucha. Nikaugeuza, na kiganja vile vile. Nilikaa nikiutazama kama mkono wa mtu mwengine aliyeusahau pale akaenda zake.

Hospitali waliniambia homa ya ini, nipumzike. Nililala miezi miwili. Manjano yakafifia, nikarudi mkekani na kumwambia kila mpita njia kwamba mimi homa ya ini nimeishinda kwa maji ya madafu na ubishi. Mbarouk akasema, "Ubishi ndio uliokutia manjano," na tukaendelea na kazi.

Miaka michache ikapita, na maradhi yakamshika yeye. Hakuwa manjano sana. Tumbo lilianza kufura kidogo kidogo, mikono na mashavu vikapukutika. Kanzu zake nilizipanua mimi, mara tatu, kwa kuongeza kitambaa ubavuni. Mara ya tatu akacheka mpaka akakohoa.

"Ongeza tu, fundi. Nshakuwa mja mzito. Mtoto akiwa wa kiume nitampa jina lako, akiwa mbishi nitakurudishia."

Alifariki kabla ya mwaka kwisha. Nilimzika, nikarudi dukani, nikakaa upande wangu wa mkeka. Upande wake nikauacha hivyo hivyo. Mkewe, Bi Saumu, akarudi kwao Makunduchi na mtoto wao wa kike, Nasra.

Basi ilipofika miaka ya elfu mbili, mimi nami subana ya kusukumia sindano ikaanza kunipwaya kidoleni. Nyama za mikono zilikwenda. Pua ikawa inatoka damu bila kuguswa. Kilichonitisha ni mkanda wa saruni. Asubuhi moja niliufunga nikaona umebana, na mimi mwili wote nimekonda. Nikashika tumbo. Nikakumbuka kanzu ile niliyoipanua mara tatu. Sikumwambia mtu, lakini tangu siku hiyo nikawa kila nikioga napima tumbo kwa shubiri, kama ninavyopima mteja.

Bi Asya ndiye aliyenipeleka kwa Daktari Raya. Nilimwona mtoto wa juzi, miwani mikubwa, ameketi mbele ya makaratasi.

"Shikamoo, babu fundi."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Kaa unipe mkono."

Alinitoa damu, chupa tatu. Akasema ini limevimba na limeanza makovu, ila maji hayajajaa tumboni, bado tuna nafasi. Chupa moja ikapelekwa nje ya nchi. Nilingoja wiki nyingi, siku zikipita mbele yangu kama zimefunikwa shashi. Kisha akaniita.

"Babu fundi, una virusi vya aina mbili. Wa kwanza tunamwita B. Huyo pengine unaye tangu utotoni, kakaa kimya. Wa pili anaitwa Delta. Ni mdogo kuliko virusi vyote tunavyovijua vya kumwumiza mtu."

"Kama mdogo, nguvu za kunitesa kazitoa wapi?"

"Hana kitu chake. Hata nguo hana. Ndiyo maana anatesa."

Akachukua karatasi, akachora. Alisema ini lina chembe nyingi mno, na kila chembe ni kama nyumba. Nyumba ina sebule, na ndani kabisa ina chumba, wao wanakiita kiini. Mle ndimo yanamowekwa maagizo yote ya nyumba, pamoja na mashine ya kuyanakili.

"Cherehani," nikasema.

"Haya, cherehani. Huyu Delta akiingia anapita moja kwa moja mpaka chumba cha ndani. Cherehani yake hana. Anaidanganya ya mwenye nyumba imshonee uzi wake."

"Uzi gani huo?"

"Uzi wa duara, hauna mwanzo wala mwisho. Cherehani inauzunguka, inauzunguka, unatoka uzi mrefu wenye nakala nyingi zilizofuatana. Kisha uzi unajikata."

"Kwa mkasi wa nani?"

"Hauna mkasi. Unajikata wenyewe, pale pale panapotakiwa, na kila kipande kinajifunga kikawa duara jengine."

Tangu afe Mbarouk nakata nguo mwenyewe, na kuna siku mkasi huenda kombo nikaharibu. Nilimwonea wivu yule mdudu, nasema kweli.

"Lakini hapo amekwama," akasema Daktari Raya. "Akitoka uchi hakuna nyumba ya pili itakayomfungulia mlango. Lazima avae, na kushona nguo hajui. Anayeshona kanzu ni yule B, huku sebuleni. Tena B anashona nyingi kupita kiasi, nyengine zinatoka tupu, zinatembea kwenye damu hazina mtu ndani. Delta anavaa moja anatoka, anakwenda nyumba ya jirani. Pasipokuwa na B, Delta hana safari."

"Kwa hivyo mmoja fundi, mmoja mwizi wa kanzu."

"Naam. Na wakikutana ndani ya nyumba moja, nyumba hubomoka haraka."

Nikamwuliza mwizi huyo aliingia lini. Akaniuliza yeye kama nimepata kuwa manjano. Nikamweleza. Akauliza kabla ya manjano palikuwa na nini, nikamweleza Mbweni, pembe, mgongo.

"Wembe ulikuwa wa nani?"

Nikafungua mdomo kusema wangu. Nikakiona kibiriti kile, nikamwona Mbarouk kapandisha mguu juu ya goti, anachonga sugu ya kisigino, damu inachuruzika kidogo, anaifuta kwa kipande cha bafta huku anaimba.

"Wa duka," nikasema.

"Na mwenzako wa dukani yuko wapi?"

"Kafa. Tumbo."

Aliweka kalamu chini. Nikamwuliza nani alimpa nani.

"Hatutajua, babu. Huenda kanzu unazo tangu utoto, na huyu mgeni Delta akatoka kwake. Au vyote vilitoka kwake, au kanzu zake zilitoka kwako. Kinachojulikana ni kwamba kaacha mke na mtoto. Iko chanjo ya yule B. Kwa aliyechanjwa B hapati pa kukaa akashona, na pasipo B huyo wa pili hapati nguo. Lazima waje wapimwe. Utawaambia?"

Nikasema nitawaambia. Sikuwaambia. Bi Asya alipimwa, akawa safi, akachanjwa, na nikajiona nshatimiza wajibu. Ya Makunduchi nikayaacha. Ningekwenda kusema nini? Kwamba mume wako alinipa maradhi? Au kwamba mimi nilimpa yeye, nikamshonea na nguo za kumsitiri tumbo? Mimi ni mtu ninayesalimiwa njia nzima. Sikutaka mtu aniangalie kwa jicho hilo.

Dawa ilikuwa sindano, kila wiki moja, mwaka mzima. Dada yangu wa Maskati ndiye aliyekuwa akiipakia kwenye sanduku la barafu na kumpa msafiri. Sisi friji hatukuwa nalo, ikakaa kwa jirani yetu, Bi Zuwena, anayeuza barafu za ubuyu.

"Dawa yako nimeilaza na ubuyu, fundi," alisema. "Ukipona utakuwa mtamu, labda na maneno yako yatapungua uchungu."

Daktari alinieleza kwamba dawa ile haiui mdudu. Ni mbiu. Nyumba iliyovamiwa huwapigia majirani mbiu wafunge milango, na mwili wangu mbiu yake ilikuwa ndogo, kwa hivyo tunaupigia kubwa. Basi kila Jumanne baada ya adhuhuri nilichomwa tumboni, na laasiri mbiu ikalia mwili mzima. Kwanza baridi, meno yanagongana, Bi Asya ananifunika mablanketi mawili na juani nje watu wanatokwa jasho. Kisha moto. Mifupa iliuma kama inafumuliwa kiungo kwa kiungo. Nywele zikatoka kwa mashada kwenye mto wa kulalia. Nilikonda mpaka nikikaa nasikia mfupa unagusa saruji. Na nililia. Mimi. Nilikuwa nalia kwa sababu chai imepoa.

Katika moto ule ndimo nilimokuwa nikiiona nyumba. Madirisha yamefungwa, jua linapita kwenye mianya ya mbao, linachora mistari ukutani, na mistari inakuwa nyuzi. Nafungua mlango, kuna chumba. Nafungua mwengine, kuna chumba ndani ya chumba, na ndani yake kimoja tena, kila kimoja kidogo kuliko cha kabla, mpaka nafika mahali ambapo cherehani inazunguka na hakuna anayeikanyaga. Mtu mdogo, uchi, kakaa pembeni na mgongo kanipa. Uzi unazunguka. Unashuka sakafuni duara juu ya duara, unajikata bila sauti, unanipanda miguuni, magotini. Nataka kumfukuza, sina ulimi. Nje kichochoroni kanzu zinapita, tupu, mikono imening'inia, hazina vichwa, nyingi, nyeupe, hazina haraka. Siku za mechi watu wa kiwanjani wakishangilia, sauti ile huingia ndotoni, na kanzu zote husimama pamoja, zikanigeukia, kisha zikaendelea.

Mwezi wa tatu mtu yule akageuka. Alikuwa Mbarouk, lakini kijana, kabla sijamjua.

"Fundi," akasema, "nipe kanzu nitoke."

Niliamka nimelowa. Nikamhadithia Bi Asya. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Makunduchi hujenda."

"Daktari atawapelekea barua. Nshamwambia atume."

"Barua ya daktari ni mate ya mtu mwengine," akasema. "Si wewe unayesema hayaitoi damu?"

Alhamisi ile nikaenda Makunduchi. Nilikaa kiti cha mbele cha gari ya mizigo, mto nyuma ya mgongo. Nilimkuta Bi Saumu kwao, kakaa kivulini na dada yake, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba ili wakaupande maji yakitoka. Aliniona, akaziacha kamba.

"Fundi? Ndiwe wewe au nguo yako imetangulia?"

"Ndiye mimi. Hii ndiyo iliyobaki."

Akaniletea uji, na aliponiona nauchezea kwa kijiko akaniambia ninywe, hakunipikia niuangalie. Nikanywa. Kisha nikamwambia yote, wembe, kibiriti, Mbweni, wawili waliomo ndani yangu, na kwamba kilichomwua Mbarouk huenda ndicho hiki na huenda kanzu zilitoka kwangu. Nilisema nikitazama chini. Mikono yake iliendelea kufunga mwani, fundo, fundo, fundo. Nilipomaliza akazungumza na dada yake kwa Kikae, maneno ya kwao, mimi nisifahamu. Dada yake akaondoka.

"Miaka mingapi umeyakalia haya?"

"Miezi. Mitatu tangu nijue."

"Mitatu," akasema. "Mimi nilijua mnagawana wembe. Nilikuwa nikimwambia Mbarouk, nyinyi mkipewa meno mamoja mtagawana, huyu atafune leo, yule kesho. Sina hasira ya wembe. Hasira yangu ni miezi mitatu." Akaashiria mlangoni. "Tazama nyuma yako."

Dada yake alikuwa anarudi na Nasra. Nilimwacha binti mdogo, sasa ni mke wa mtu, na tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele. Tumbo la heri lile. Mimi nilipoliona tu, nikakumbuka kanzu nilizompanulia baba yake.

"Shikamoo, ami," akasema. "Mbona umekonda hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Unajifungua lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

Jumatatu walikuwa kwa Daktari Raya. Bi Saumu alikuwa safi, aliwahi kupata B na mwili wake ukamtoa wenyewe. Nasra alikuwa naye, yule wa kwanza peke yake, kimya, bila mgeni. Daktari alituambia mtoto huambukizwa zaidi wakati wa kuzaliwa, na kwamba iko sindano ya kumchoma siku ile ile anayotoka, kabla jua halijachwa, kisha amalizie nyengine. Ingechelewa mwezi mmoja, isingekuwa na maana. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, anaandika. Mimi na Bi Saumu hatukutazamana.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume, akachomwa kabla ya adhuhuri. Wakampa jina la babu yake. Jina langu hawakumpa, na nimefurahi.

Mimi nikaendelea na Jumanne zangu. Ndoto hazikukoma, lakini zilibadilika. Cherehani ikawa inazunguka polepole. Siku moja niliingia chumba cha ndani nikakuta pana uzi mmoja tu sakafuni, na yule mtu kakaa magoti kifuani, anasubiri. Hakuwa tena na sura ya Mbarouk. Hakuwa na sura ya mtu.

"Nipe kanzu," akasema.

Nikamwambia hazijaisha kushonwa. Maneno ya fundi yeyote kwa mteja asiyemtaka.

Sindano ya mwisho nilichomwa nikiwa na uzito wa mtoto wa skuli. Miezi sita baadaye damu yangu ikapelekwa nje tena. Daktari Raya aliniita, na mara hii alikuwa amesimama.

"Delta haonekani, babu. Ini linapumua."

"Na B?"

"B yupo. Kanzu bado zinatembea kwenye damu yako. Ila hakuna wa kuzivaa. Utapimwa kila nusu mwaka maisha yako yote, na wembe wako ni wako peke yako."

Basi hivyo ndivyo nilivyopona. Sikupona kama mtu anayefuta ubao. Wengine hupigwa mbiu ile mwaka mzima na mgeni asiondoke, nimewajua, walikuwa watu wazuri kuliko mimi. Kwa hivyo shukurani zangu kwanza ni kwa Mungu, ambaye sijui kwa nini alinichagua mimi. Kisha Bi Asya na jora lake la bafta. Kisha yule mtoto wa juzi mwenye miwani, na dada yangu, na friji la ubuyu.

Ushauri sina mwingi. Ukiambiwa una B, usiseme kakaa kimya nami nikae kimya. Uliza kama yuko peke yake. Chanja watoto wako, na wembe usigawane hata na mtu mnayegawana siri. Na kama kuna mlango unaoogopa kuubisha, nenda leo, ukiwa na homa yako hivyo hivyo.

Mwaka jana Nasra alimleta yule mtoto kupimwa. Safi. Hana B, na maadamu hana B, yule mwengine hana njia kwake. Nikampima mabega, nikakata bafta nzuri, nikaanza kumshonea kanzu yake ya kwanza ya Idi. Nilikuwa nimefika kwenye kaba sindano iliponichoma. Tone moja likaanguka kifuani mwa nguo, likatanuka.

Kwa desturi yetu ningelitemea mate, na lingetoka, macho yasingeona kitu, na B wangu angebaki mle ndani. Nililitazama. Jua lilikuwa limefika mkekani, upande wa Mbarouk. Nikaifunga ile kanzu, nikaenda nayo uani kwa Bi Asya, nikaitia jikoni kwenye makaa. Akasogeza sufuria kunipisha.

Nikafunga kidole, nikanawa, nikakata nyengine.